UTALII: Ufuo na simba pekee havitoshi, ujuzi wa mfanyakazi ndio humrudisha mgeni

UKIBAHATIKA kula chakula cha mchana katika hoteli kubwa mjini Nairobi, Mombasa au Nakuru, usiikunje risiti na kuitia mfukoni kabla ya kuisoma.

Chini ya bei ya wali na samaki utaona ushuru wa VAT wa asilimia 16, ambao kila Mkenya anaufahamu. Karibu na hapo pana makato mengine madogo ya asilimia mbili. Hiyo ndiyo tozo ya utalii.

Kwa mlo wa Sh2,000, tozo hiyo ni Sh40. Si fedha nyingi, na wateja wengi huzilipa pasipo kujua zinakwenda wapi. Hata hivyo, tozo hii iliyoanzishwa katika miaka ya sabini ndiyo iliyogharimia kwa kiasi kikubwa mafunzo ya wapishi, wahudumu wa mapokezi na waongoza watalii humu nchini.

Kwa hivyo, mjadala kuhusu ujuzi wa wafanyakazi wa utalii haupaswi kuachiwa mawaziri na wenye hoteli. Unamhusu mlaji anayelipa risiti, mzazi anayelipa karo ya chuo, na kijana wa Kwale au Narok anayeyaona magari ya watalii yakipita mlangoni mwao kila siku asijue ataingiaje katika kazi hiyo.

Swali ni hili: ikiwa tumelipa kwa zaidi ya miaka hamsini, mbona malalamiko hayaishi? Waajiri hulalama kwamba vijana wanaohitimu hawajui kazi. Vijana nao hulalama kwamba wana vyeti lakini hawana kazi. Wote wana haki kwa kiasi fulani.

Tukichunguza kwa makini tutagundua kwamba tatizo kuu la Kenya si uhaba wa vyuo. Tatizo ni kwamba kamba inayounganisha darasa na kazi imelegea, na ujuzi tunaougharimia kwa fedha nyingi huachwa upotee kila msimu watalii wanapopungua.

Mtalii hununua nini?

Kabla ya kuzungumzia vyuo, ni vyema tuelewe ni kwa nini ujuzi una uzito mkubwa katika biashara hii kuliko katika biashara nyingine nyingi.

Anayenunua redio huipeleka nyumbani na kuitumia bila kumjua aliyeiunda. Mtalii hawezi kuipeleka kwao Maasai Mara wala ufuo wa Diani. Anachobaki nacho ni kumbukumbu ya jinsi alivyohudumiwa. Bidhaa na mtu anayeitoa ni kitu kimoja.

Isitoshe, vivutio vyetu si vyetu peke yetu. Nyumbu wanaovuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba ni wale wale walioshinda Serengeti, Tanzania, sehemu kubwa ya mwaka. Anayetaka mchanga mweupe na bahari yenye joto anaweza kwenda Zanzibar, Ushelisheli au Mauritius. Rwanda, ambayo haina bahari, imejijengea jina kwa sokwe wa milimani na kwa mikutano ya kimataifa.

Mgeni anapokuwa na chaguo kama hilo, mizani huinamishwa na mambo yanayoonekana madogo. Je, mhudumu alielewa alipoambiwa kwamba mtoto ana mzio wa njugu, au aliitikia kwa kichwa tu? Je, chumba kilikuwa tayari saa nane kama ilivyoahidiwa? Je, dereva alijua jina la ndege aliyetua juu ya mgunga, au alisema ni 'ndege tu'?

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Wapo watalii wanaovuka bahari kuwaona hao pekee, na wala hawana haja na simba. Mwongozaji asiyewajua hana la kuwauzia wageni wa aina hiyo.

Ukosefu wa ujuzi hauudhi wageni pekee. Chukua mfano wa duma. Mnyama huyu huwinda mchana, tofauti na simba ambao huwinda zaidi usiku. Madereva wasiofunzwa wanapomzingira kwa magari ili wateja wapate picha, hushindwa kumnyemelea swara na watoto wake hulala njaa. Dereva aliyefunzwa husimamisha gari mbali, huzima injini na kuwaeleza wageni sababu. Wageni hao huondoka wakiwa wamejifunza jambo, na duma naye hupata chakula chake.

Uzito wa mambo haya unadhihirika katika fedha. Mnamo 2024 Kenya ilipokea takriban wageni milioni 2.4 kutoka nje, ikapita idadi ya milioni mbili hivi ya 2019 kabla ya janga la corona. Mapato yalipita Sh450 bilioni. Nchi inayotegemea fedha hizo haiwezi kumwona anayempokea mgeni kama kibarua ambaye yeyote anaweza kujaza nafasi yake.

Somo la Uswisi

Wakati mmoja Kenya iliongoza eneo hili zima kwa mafunzo ya utalii. Baada ya Uhuru, vyeo vya juu katika hoteli nyingi vilikuwa mikononi mwa wageni, nao Waafrika walijaa jikoni na katika ufuaji wa nguo. Serikali ilitambua kwamba kuwapa Wakenya vyeo bila kuwafunza kungeua biashara.

Ndipo Uswisi ilipoombwa msaada. Nchi hiyo ndogo isiyo na bahari ina sifa kubwa katika kazi ya hoteli, na shule yake ya Lausanne ilifunguliwa mnamo 1893. Kwa ushirikiano huo, Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa 1975 kando ya barabara ya Thika, Nairobi.

Siri ya chuo hicho ilikuwa katika mpangilio wake. Kando ya madarasa ilijengwa Hoteli ya Utalii, yenye wateja halisi wanaolipa. Mwanafunzi aliyejifunza kutandika kitanda asubuhi alikitandika kwa ajili ya mgeni aliyekuja kulala usiku huo. Akikosea, mwalimu hakuwa peke yake katika kumweleza. Mgeni pia alilalamika.

Wahitimu wake walienea katika hoteli za Kenya na mataifa jirani, na nchi nyingine za Afrika zilileta vijana wao kusomea hapa. Kwa miaka mingi, kusema 'nimetoka Utalii' kulitosha kumfungulia mtu mlango wa mwajiri.

Baadaye mambo yalibadilika. Vyuo vya kibinafsi vilichipuka kila mji, vyuo vikuu vikaanzisha shahada za utalii na usimamizi wa hoteli, na taasisi za kiufundi nazo zikajiunga. Kupanuka huko kulikuwa na manufaa, kwani chuo kimoja kisingeweza kuwafunza wote.

Ubaya ni kwamba wengi waliiga jina la kozi bila kuiga hoteli iliyokuwa kando ya darasa. Kuna vyuo vinavyofundisha upishi kwa ubao na chaki, na jiko moja la gesi likigawanywa na wanafunzi hamsini. Anayehitimu hapo anaweza kueleza namna ya kuandaa mchuzi, ila hajawahi kuandaa sahani arubaini kwa wakati mmoja huku wahudumu wakimhimiza mlangoni.

Pwani, ambako hoteli zimejaa, ilisubiri chuo chake kikubwa kwa muda mrefu. Ujenzi wa Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala huko Vipingo, Kaunti ya Kilifi, ulianza katika muongo uliopita ukasuasua kwa zaidi ya miaka kumi, huku gharama yake ikizua mjadala Bungeni. Kijana aliyekuwa darasa la nane msingi ulipowekwa alishakuwa mtu mzima kabla ya kuona matunda yake.

Ngazi za mafunzo

Kwa msomaji asiyefahamu mfumo wa sasa, ni muhimu kueleza namna unavyofanya kazi.

Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 ilifungua njia kwa mfumo wa umilisi katika vyuo vya kiufundi. Chini ya mfumo huu, mwanafunzi hapimwi kwa mtihani wa karatasi pekee. Hupimwa kwa kutenda, na huweka katika kabrasha ushahidi wa kazi alizozifanya. Swali la mtahini si 'unajua nini' bali ni 'unaweza kufanya nini'.

Kozi zimepangwa kuanzia ngazi ya tatu hadi ya sita. Ngazi ya sita ni sawa na stashahada na kwa kawaida huhitaji alama ya C- katika mtihani wa KCSE. Ngazi ya tano ni ya cheti na hupokea waliopata D. Ngazi za chini huwapokea hata waliopata alama za chini zaidi. Anayeanzia chini anaweza kupanda hatua kwa hatua.

Waongoza watalii wana ngazi zao pia. Chama cha wataalamu wa kazi hiyo, KPSGA, ambacho kimekuwepo tangu 1996, hutahini wanachama kwa viwango vitatu vya shaba, fedha na dhahabu. Wenye shaba ni wengi. Waliofika dhahabu ni wachache mno, na kampuni za safari huwagombania kwa sababu mgeni anayelipa ghali hutaka mtu wa aina hiyo.

Mfano wa kutia moyo umo huko Mara, ambako Shule ya Waongozaji ya Koiyaki ilianza kuwafunza vijana wa jamii ya Wamaasai mnamo 2005. Vijana hao walikulia katika nyika hiyo. Wanajua nyayo za chui na tabia ya ndovu mwenye ndama kabla ya kuingia darasani. Kile shule ilichowaongezea ni majina ya kisayansi, lugha ya kuzungumza na wageni, huduma ya kwanza na nidhamu ya kazi. Hapo ujuzi wa nyumbani haukudharauliwa, bali ulifanywa msingi wa ujuzi mpya.

Msimu unapofuta ujuzi

Tuseme sasa kijana amehitimu vyema na kuajiriwa katika hoteli ya ufuoni. Hapa ndipo hasara kubwa huanza, nayo huzungumziwa kwa nadra.

Utalii wa Pwani hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Wageni hujaa kati ya Julai na Septemba, na tena kuanzia Desemba. Mvua za masika zinapoanza Aprili, hoteli hubaki na vyumba vitupu, na baadhi hufunga milango hadi Juni au Julai.

Kwa sababu hiyo, wafanyakazi wengi huajiriwa kwa mikataba ya msimu au kwa vibarua. Mikataba ya msimu ni halali, na mwenye hoteli asiye na wageni hawezi kulipa mishahara kwa hewa. Lakini tutazame matokeo yake.

Mhudumu aliyetumia miezi minane kujifunza majina ya divai, mapendeleo ya wageni wa Kijerumani na mpangilio wa meza za karamu huambiwa aende nyumbani. Hununua pikipiki kwa mkopo au hurudi shambani. Msimu unaporejea, wengine huitwa tena, na wengine hugundua kwamba nafasi zao zimepewa watu wapya wanaokubali malipo ya chini zaidi. Hoteli huanza kufunza upya, au huacha kufunza kabisa.

Mwajiri anayejua kwamba mfanyakazi ataondoka Aprili haoni sababu ya kumlipia kozi. Mfanyakazi anayejua kwamba ataachishwa haoni sababu ya kujiendeleza. Kila mmoja anatumia akili yake vizuri, na wote wawili wanapata hasara.

Misukosuko mikubwa imezidisha hali hiyo. Ghasia za Likoni mnamo Agosti 1997, shambulizi la Kikambala la Novemba 2002, fujo zilizofuata uchaguzi wa 2007, mashambulizi ya Westgate mnamo 2013 na Mpeketoni mnamo 2014 yote yaliwafukuza watalii. Baada ya mataifa ya magharibi kuwaonya raia wao mnamo 2014, hoteli kadhaa za Pwani zilifunga milango. Kisha ikaja corona, na safari za ndege za kimataifa zikasimamishwa kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1, 2020.

Kila mara, majengo yalibaki yakisubiri. Wapishi na wahudumu hawakusubiri. Jengo lililofungwa kwa miezi sita huhitaji rangi na usafi ili lifunguliwe tena. Timu ya jikoni iliyotawanyika kwa miezi sita huenda isirejee kamwe.

Baadhi ya wajuzi hao wamekwenda mbali. Wakenya wanafanya kazi katika hoteli za Dubai na Doha, na wengine Kigali na Zanzibar. Ni fahari kwamba wanatafutwa huko. Ni kinaya pia, kwani Kenya ndiyo iliyogharimia mafunzo ya wengi wao.

Hata mlango wa jirani hauko wazi daima. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutekelezwa Julai 2010 ikiahidi uhuru wa watu kusafiri na kufanya kazi. Hata hivyo, mnamo Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku raia wa kigeni kufanya biashara kadhaa ndogo, kuongoza watalii kukiwemo. Kijana wa Kenya hana budi kujiandaa kwa ushindani ulio mkali nyumbani na wenye vizingiti ugenini.

Wajuzi wasio na karatasi

Kwa upande mwingine kuna watu wenye ujuzi ambao hawatambuliwi popote.

Nenda Malindi au Watamu utembee ufuoni. Utakutana na vijana wanaozungumza Kiitaliano kwa ufasaha, wakikitania na kukifanyia biashara, ilhali hawajawahi kuketi katika darasa la lugha hiyo. Waitaliano walianza kuzoeana na mji huo katika miaka ya sitini walipojenga kituo cha anga cha San Marco, na utalii ukafuata. Watoto wa Malindi walijifunza lugha kwa kusikiliza. Huko Diani na kaskazini mwa Mombasa, hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Kijerumani.

Vijana hao, maarufu kama bichi boi, hufukuzwa na askari wa hoteli kila kukicha. Baadhi yao ni wasumbufu kweli, na wageni wamelalamika. Lakini wapo wanaojua miamba, mikondo ya maji, majira ya kasa kutaga mayai na historia ya Magofu ya Gede kuliko wengi wenye stashahada. Hoteli hiyo hiyo inayowafukuza huenda inatafuta mtu anayezungumza Kiitaliano.

Kinachowakosesha kazi ni cheti. Na wengi hawawezi kurudi darasani miaka miwili kusomea wanayoyajua tayari, kwa kuwa wana watoto wa kulisha.

Dawa ya tatizo hili ipo. Inaitwa utambuzi wa ujuzi wa awali. Mtu hupeleka ushahidi wa kazi yake, hupimwa kwa vitendo mbele ya watahini, kisha hupewa cheti cha kiwango alichofikia. Serikali ilizindua sera ya kitaifa kuhusu jambo hili mnamo 2024, na mfumo wa kitaifa wa vyeti vya kufuzu ulikuwa umewekewa sheria tangu 2014. Kadhalika, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, kwa muda mrefu imekuwa ikipima ufundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza.

Kinachohitajika ni sera hiyo ishuke kutoka ofisini hadi ufuoni na nyikani. Mpishi wa miaka ishirini katika kibanda cha Kongowea hataisoma katika tovuti ya serikali. Itabidi aifuate hapo hapo alipo.

Yanayoweza kufanywa

Mambo manne yanaweza kubadilisha hali hii bila kusubiri majengo mapya.

Kwanza, muda wa masika ugeuzwe kuwa muhula wa mafunzo. Miezi ambayo hoteli hazina wageni ndiyo ile ile ambayo vyumba, majiko na walimu wa kazi wapo na hawana shughuli. Mfanyakazi angeweza kubaki kwa posho ndogo akijifunza lugha, upishi wa kiwango cha juu au matumizi ya kompyuta katika kuweka nafasi za wageni, huku sehemu ya gharama ikitoka katika ile tozo ya asilimia mbili. Angerudi kazini Julai akiwa na thamani kubwa kuliko aliyokuwa nayo Machi.

Pili, mafunzo ya nyanjani yawe mafunzo kweli. Yapo malalamiko ya miaka mingi kwamba wanafunzi wanapopelekwa hotelini kwa miezi mitatu hugeuzwa vibarua wa bure, wakiosha vyombo kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kuosha vyombo ni sehemu ya kazi na hakuna aibu ndani yake. Ila mwanafunzi anapaswa kuzungushwa katika idara zote chini ya mwelekezi anayemwandikia ripoti, na chuo kinapaswa kumtembelea.

Tatu, viwango vya hoteli vizingatie wafanyakazi kwa dhati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kuzipa hoteli nyota, moja hadi tano, na Kenya ilianza kuvitumia upya mnamo 2015. Mgeni huamini nyota hizo. Haifai hoteli ipate nyota nyingi kwa marumaru na bwawa la kuogelea ilhali robo tatu ya wahudumu wake waliajiriwa wiki iliyopita.

Nne, sheria za kazi zilizopo zifuatwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anastahili kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi. Mfanyakazi mwenye uhakika wa kesho hujifunza. Asiye nao huangalia saa ya kutoka.

Wenye hoteli watauliza fedha zitatoka wapi. Ni swali la haki, kwani umeme, vyakula na kodi vimepanda, na faida katika miezi mibaya haionekani. Lakini waikumbuke gharama isiyoandikwa vitabuni, yaani ya mgeni ambaye hakurudi. Siku hizi mtalii asiyeridhika hamwambii meneja. Huandika katika intaneti kabla hata ya kufika uwanja wa ndege, na maelfu husoma.

Kwa mzazi na kijana

Yapo pia ambayo mtu binafsi anaweza kuyafanya leo.

Mzazi anayetafuta chuo asivutiwe na jengo la ghorofa wala tangazo la redio. Aulize maswali matatu. Je, chuo kimesajiliwa na mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi, na kozi yenyewe imeidhinishwa? Je, wanafunzi hupika na kuhudumu kwa saa ngapi kila wiki, na kwa wateja gani? Je, chuo huwapeleka hoteli zipi kwa mafunzo ya nyanjani? Chuo kinachobabaika kujibu swali la pili hakifai kupewa karo.

Kijana asidharau kuanzia chini. Wako mameneja walioanza kwa kubeba mizigo ya wageni. Achague lugha moja ya kigeni zaidi ya Kiingereza na aifuate hadi aimudu, iwe Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano au Kichina. Ajifunze pia kukieleza Kiswahili na mila za kwao, kwa sababu mgeni hakusafiri saa kumi kuja kusikia habari za kwao.

Na anayeachishwa kazi msimu unapoisha asiondoke mikono mitupu. Sheria ya Ajira inamlazimu mwajiri kumpa hati ya utumishi mtu yeyote aliyefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Hati hiyo hutaja kazi aliyoifanya na muda aliohudumu. Wengi hawaidai, na wengine waliopewa huitupa. Iwekeni, kwa kuwa siku ya kupimwa kwa ajili ya cheti cha ujuzi wa awali, karatasi hizo ndizo zitakazokuwa ushahidi.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo walifahamu kwamba ujio wa mgeni ni heri kwa mwenye nyumba. Walijua pia kwamba mwenyeji hutayarisha nyumba kabla ya hodi kupigwa.

Kwa hivyo, utakapoiona tena ile asilimia mbili kwenye risiti, usiione kama kodi nyingine ya kukukera. Ni mchango wako katika kumfunza anayekuandalia meza. Una haki ya kuuliza kama amefunzwa, na kama msimu ujao utamkuta papo hapo.